Kichwa Kimehama, Mguu Haujahama

Naikumbuka, mwanangu, alasiri moja huko Kasingirima, tulikokimbilia baada ya ziwa kupanda na kuimeza nyumba yetu ya Bangwe. Nilikuwa kijana, mdomo mrefu, kazi sina. Miguu yangu ilijifunza jambo mara moja tu. Leo safari yangu kubwa ni kutoka kitandani hadi kitini, na bado njiani nagonga meza.

Bibi yangu alitoka jikoni na sufuria ya maharage. Katikati ya ua, penye udongo mtupu, akainamisha kichwa, akanyanyua mguu, akavuka kitu ambacho hakikuwepo. Kisha akapapasa ukuta usioonekana, akakata kona. Nywele zilinisimama. Alikuwa anapita ndani ya nyumba ya Bangwe, ambayo saa ile vyumbani mwake walipita samaki, migebuka wa ziwani.

Majirani walinong'ona kwamba anawaruka wafu. Mimi, hofu iliponitoka, nikaona mzaha. Kila akipita namfuata nyuma, nainama, naruka: "Bibi, kizingiti hicho!"

Kumbe alikuwa anajifundisha njia mpya. Kila alasiri alipita pale peku, polepole, kama mtoto anayeanza kutembea. Mazoea yana taabu. Mwezi wa pili nikamwona anakuja wima, mguu chini, ua ni ua tu. Nami, kwa mazoea yangu ya kipumbavu, nikapiga kelele: "Kizingiti!"

Mguu ukapanda wenyewe. Akaanguka, mkono ukavunjika.

Alinitazama kutoka chini, bila hasira. "Mwana wanje, mjukuu wangu, kichwa changu kinajua tumehama. Mguu ndio haujahama. Nimeubembeleza miezi miwili, wewe umeurudisha Bangwe kwa neno moja."

Tangu siku hiyo hakuvuka ua bila kushikwa.

Juzi, kwa binti yangu nilikohamishiwa, penye mlango mrefu kuliko twiga, nilijikuta nainama kama mlangoni pa Bangwe. Na nyuma yangu nikasikia mtu naye anainama, akizuia kicheko. Sikugeuka.

Mwanangu, samaki mkunje angali mbichi: ufundishe mwili wako mengi ungali unasikia. Na ukimhamisha mzee, usimwonyeshe njia mara moja ukaenda zako. Mshike mkono, mpite pamoja leo, kesho na keshokutwa, na kicheko chako kimeze.

Mungu akupe miguu inayofundishika. Na siku itakapokuwa mizito ya kuelewa, akujalie mtu wa kuingoja.