Kidumu cha Petroli

Fundi wangu hapa Kilole anakata mpira mpya wa petroli kwa ajili ya gari langu kuukuu. Harufu tu imeshanichosha mikono.

Nilipokuwa mtoto, pikapu ya baba ilikuwa na pampu ya petroli isiyo ya gari hilo, ya kununua dukani, iliyolazimishwa mpaka ikakaa. Pampu ilikufa tulipotoka tu Kang'ata kumpeleka bibi hospitali Korogwe. Baba akachomeka mpira kwenye kidumu cha petroli, akaupitisha dirishani mpaka kwenye kabureta, akanipakatisha kidumu.

“Kinyanyue juu, mwanangu. Ukikishusha, gari linazima.”

Nilikinyanyua. Petroli ilivuja kwenye maungio ya mpira, ikanichoma kwapani. Nyuma, bibi alilala kwenye godoro, kichwa mapajani mwa mama. Mikono ilipoingia ganzi nikakishusha kidogo. Gari likakohoa, likazima. Baba akashuka, akaliwasha upya, hakunigombeza. Nikakishusha tena. Na tena.

Tulipofika, mama alikuwa ameshamfunika bibi uso kwa kanga yake.

Baba akanipokea kidumu, akanikanda mabega. “Pole, mama. Umejitahidi.”

Baba naye alizikwa miaka mingi baadaye, bila kumwambia mtu yeyote gari lilizima mara ngapi.