Siingii Nimebebwa

Mama alinibeba mgongoni mpaka nikamaliza darasa la saba. Polio ilinichukua miguu ningali mtoto mchanga, basi mgongo wake ukawa miguu yangu na leso yake ya kahawia ikawa ya kunifungia. Nilimpenda mama, lakini nilichukia kubebwa, na hata leo sioni haya kusema hivyo.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa fundi cherehani, nina baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendesha kwa mikono. Kutoka Nyamasaria hadi Kondele nilijipeleka mwenyewe, nikipiga kengele wenye mikokoteni wanipishe. Kisha likajengwa soko dogo lenye paa, na mimi nikawa miongoni mwa waliopewa meza. Nilipofika, nilikuta ngazi tano mlangoni.

"Hiyo si shida," alisema msimamizi wa soko. "Vijana wako hapa. Utabebwa."

"Leo nitabebwa. Na kesho? Nikitaka kwenda choo, nipige kengele?"

Alicheka. Kisha akasema nisipokuwa mezani kufikia mwisho wa mwezi, meza itapewa mtu mwingine.

"Basi siingii nimebebwa," nikamwambia.

Mama, aliyekuwa amenisindikiza, alinifinya bega. Mdomo uliponza kichwa, na yeye aliujua mdomo wangu.

Walioniokoa ni kina mama wa omena, wale dagaa wa ziwani, ambao nao walikuwa wamechoka kupandisha magunia. Walisomba mawe na mchanga, wakamleta mwashi, naye akajenga mteremko kando ya ngazi. Alijisifu sana. Nikaanza kupanda. Katikati mikono ikanishinda, nikarudi kinyumenyume mpaka nikapinduka na kuangukia gunia la omena lililoanikwa chini. Nilitoa samaki kwenye nywele huku nimejaa hasira.

"Lakini mimi nilipima na mkokoteni," mwashi alilalamika. "Mkokoteni imepanda sawa tu!"

"Ilisukumwa na wanaume wangapi?"

"Watatu."

Soko zima lilicheka. Nikabaki palepale chini, nikamwambia aketi yeye kwenye baiskeli. Mtu mwenye mikono kama miti ya mhimili wa nyumba, hata nusu hakufika. Alichukua nyundo akabomoa kazi yake mwenyewe. Mteremko wa pili ulianzia mbali, karibu na mfereji wa maji, ukakata kona moja, na kila jioni aliupima kwa kuketi kwenye baiskeli yangu.

Siku ya mwisho ya mwezi nilikuja. Msimamizi alikuwa mlangoni na daftari lake. Mama alisimama juu kabisa, leso ya kahawia kaifunga kiunoni, tayari. Nilipofika kwenye kona nikapunguza mwendo, na mikono ya watu ikaninyookea kutoka kila upande.

"Acheni!" nikapiga kelele. "Asiniguse mtu!"

Wakaacha. Nikazungusha, jasho likiingia machoni, mpaka magurudumu yote matatu yakafika juu mlangoni. Kina mama wa omena walipiga vigelegele, mwashi akawashinda wote kwa sauti. Nilimpita msimamizi nikipiga kengele, na kusema kweli nilipiga zaidi ya ilivyohitajika.

Mama alinifuata hadi mezani. Akaifungua leso kiunoni, akaikung'uta, akaitandika juu ya meza yangu.

"Nyathina," alisema, yaani mwanangu, "panga nguo zako. Mimi mgongo umepona."