Mtungi Niliousugua Ukweni

Nyie wenzangu, mimi ni yule mwanamke ambaye sufuria zake unaweza kujitazamia, na sifa hiyo ndiyo iliyoniponza. Juzi nilikwenda Mpanda, ukweni, kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Bibi harusi mpya haketi, kwa hiyo asubuhi nikavivamia vyombo vyote. Sebuleni nikakuta mtungi wa shaba umechafuka vibaya, mweusi shingoni, kijani tumboni. Nikasema moyoni, kumbe humu ndani hawajui kusugua! Nikautia jivu na mchanga, nikausugua huku naimba mpaka ukawaka.

Mara shemeji yangu, fundi wa vyombo vya mapambo, akaingia na mteja.

"Shemeji, tuletee ule mtungi wa sebuleni."

Nikauleta kwa magoti, kifua mbele.

Shemeji alikuwa bado anamtazama mteja. "Mzee, haya ni mashamba ya Usevya. Weusi wa juu ni wingu la mvua, kijani ni mpunga. Rangi yote nimeipata kwa moto."

Mzee akainama kuutafuta mpunga, akakutana na ndevu zake mwenyewe.

Shemeji akageuka. "Shemeji, mvua imeenda wapi?"

Nikaficha mikono mgongoni. Jivu lilikuwa limefika viwikoni.