Waya Uliokaa Chini ya Kitanda

Amosi alianza na tairi la nyuma la kushoto, kwa sababu ndilo lililompanda shemeji yake.

Gari ni la spoti, jekundu, la milango miwili, lina umri wa miaka thelathini na kitu. Alilinunua kwa mchimba dhahabu aliyekuwa anahama Mpanda, mwaka ule Amosi alipostaafu reli. Liko chini mno kwa barabara za Ilembo. Kila tuta linalikwaruza tumbo. Lakini mtu aliyetembea maisha yake yote kando ya mabehewa, akiyasimamisha, alitaka naye akae mbele ya kitu chenye mbio.

Kazi yake stesheni ilikuwa kukaza breki za mabehewa na kupigilia kabari za mti chini ya magurudumu. Breki huchoka, alikuwa akiwaambia wenzake, kabari haichoki. Kwa hiyo waya wa hendibreki ulipoanza kulegea, alichonga kabari ya mninga, akaitia nyuma ya tairi pale uani kwenye mteremko, akaona yamekwisha. Hata gia hakuwa akiingiza alipoliegesha. Behewa halina gia.

Mwezi Machi mvua ilinyesha siku nne mfululizo na kuni zote zikalowa. Bernadetha, mdogo wa mkewe Restituta, alikuwa amekuja kutoka kwa mumewe Simon huko Kasansa kumtembelea dada yake, akaleta mchele. Restituta alitafuta kitu kikavu cha kuwashia moto. Aliinama chini ya gari, akaitoa kabari, akaipasua kwa shoka. Gari halikusogea. Nyuzi mbili tatu za waya uliolika zililishikilia karibu saa nzima, kisha zikakatika. Bernadetha alikuwa amekaa upande wa chini wa mteremko, ameligeuzia gari mgongo, ungo mapajani, anachagua mawe kwenye mchele.

Alifariki hospitalini siku ya tatu.

Kasansa, msibani, Amosi aliwaambia watu kwamba kabari iliteleza kwenye tope. Restituta aliinamisha kichwa. Alidhani mumewe anamsitiri, na tangu siku hiyo akawa anamtumikia kama mtu aliyesamehewa deni asiloweza kulilipa. Hakula mbele yake. Usiku aligeukia ukutani akisema polepole, mimi ndiye, mimi ndiye, na Amosi aliyelala kando yake alisikia kila neno, asijibu.

Sasa ilikuwa Juni, vumbi limerudi. Aliinua gari kwa jeki, akafungua matairi, akalala chini juu ya gunia. Waya wa zamani ulikuwa umeganda kwa kutu, akaumiminia mafuta ya taa, akangoja. Ulipotoka, aliuona vizuri mwangani: umelika pale ulipopita karibu na bomba la moshi, nyuzi zimechanua kama ufagio uliochakaa. Akapitisha mpya, akaukaza kwenye kibano chake, akachomeka pini huku na huku. Akaingia ndani, akakaza nati chini ya mkono wa breki mpaka ukawa ukivutwa unalia mara sita na kusimama.

Akashusha jeki. Akavuta breki, akapita mbele ya gari, akalisukuma kuelekea bondeni kwa mikono miwili, kisha kwa bega. Halikusogea. Akasukuma tena, na safari hii alitamani lisogee, ili waya usiwe ndiyo sababu.

Restituta alikuwa kizingitini, anamtazama. Aliuliza kama waya umekuja na basi la jana.

Angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, jepesi.

"Hapana, Mama Aneth. Waya ulikuwepo."

"Ulikuwepo wapi?"

"Chini ya kitanda. Tangu Agosti."

Restituta alihesabu miezi kwa vidole.

"Lile boksi," alisema. "Nilikuwa nalifagilia pembeni kila asubuhi. Nilidhani viatu vyako."

Amosi alimwambia yote. Kwamba aliuagiza Dar, ukafika, akauona, akasema kabari inatosha. Kwamba ni kazi ya nusu siku tu. Kwamba msibani hakumsitiri yeye, alijisitiri mwenyewe. Kisha akasema lile alilokuwa amelibeba miezi mitatu, akiamini litampa mkewe usingizi.

"Kwa hiyo si wewe. Ni mimi."

Restituta alitikisa kichwa.

"Usininyang'anye, Baba Aneth. Kabari niliitoa kwa mkono huu. Umeongeza mkosaji, hujapunguza mkosaji. Miezi mitatu unanisikia. Ukalala."



Restituta alisema kesho waende Kasansa, Simon aambiwe mke wake alikufaje, yote mawili, la kabari na la waya. Amosi alisema kwa unyonge kwamba Simon hatawakubali tena uani kwake. Restituta alisema na asiwakubali.

Amosi aligeuka kulitazama gari, lililotulia kwenye mteremko kama lililojengwa pale.

"Kwa basi," Restituta alisema.

Jua lilikuwa linashuka upande wa Magamba. Amosi alisimama, akanyoosha mikono yake yenye grisi, amiminiwe maji kama kila siku. Restituta alikuwa ameshaingia ndani.