Leo Ulikuwa Nani?

Kaka yangu alikuwa mkalimani wa mahakama kwa miaka kumi na tisa, na kule mahakamani walimwita Kasuku. Hakuchukia. Alisimama kando ya kizimba, mikono nyuma, na chochote alichosema mshtakiwa kwa lugha ya kwao, yeye alimwambia hakimu vilevile, utadhani ni habari zake mwenyewe: "Mimi nyaya niliziiba." "Mimi jirani nilimpiga, na akirudia nitampiga tena." Kwa hiyo jioni akirudi nyumbani nilikuwa namuuliza, "Haya kaka, leo ulikuwa nani?" Naye huku anavua viatu mlangoni anajibu, uso mkavu, "Asubuhi nilikuwa mwizi wa nyaya, halafu mjane anayedai shamba, mchana nikawa mlevi." Nilicheka hadi mbavu ziniume. Mume wangu alipofariki nilihamia kwake na cherehani yangu, na vicheko vile ndivyo vilivyonirudishia hamu ya kula.

Siku moja nikamuuliza kama kawaida, akaketi kwanza kizingitini.

"Leo nilikuwa mama aliyefiwa na mtoto," akasema.

Yule mama alikwenda kuteka maji akaacha jiko linawaka. Chumba kiliungua na mtoto ndani. Akashtakiwa kwa uzembe uliosababisha kifo. Hakimu alimuuliza kama anakubali kosa au anakataa, naye akajibu kwa lugha yake, "Mtoto wangu amekufa. Nikatae nini?" Kaka akayafikisha maneno hayo kama yalivyo, bila kupunguza. Karani akaandika kwamba mshtakiwa amekubali. Miaka mitano.

"Hakuelewa alichoulizwa," kaka aliniambia. "Alidhani anaulizwa kama mtoto amekufa kweli. Mimi nilijua."

"Sasa kwa nini hukumwambia hakimu?"

"Mkalimani hana maneno yake, mdogo wangu. Nimekula kiapo. Anayeruhusiwa kusimama na kusema 'Mheshimiwa, subiri kidogo' ni wakili."

Nilimwamini. Mtu wa cherehani atabishana nini na mtu wa mahakama?

Wiki iliyofuata alikuja na vitabu vya kujiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo cha sheria, masomo ya jioni. Alikuwa na miaka arobaini na minne, na mtihani wenyewe mtu anaruhusiwa kuufanya mara tatu tu katika maisha yake. Kabla hajaufanya hata mara ya kwanza, yule mama alifia gerezani kwa ugonjwa wa kifua. Kaka alilikuta jambo hilo kwenye jalada, sentensi moja na muhuri. Siku mbili hakufungua kitabu. Siku ya tatu akarudi mezani.

"Atakuja mwingine kama yeye," akasema. "Akija, nataka niwe na kibali cha kusema."

Meza yangu ya kukatia nguo tuliigawana, upande vitambaa, upande vitabu. Kila siku kuanzia saa kumi jioni nilimwekea saa ya mezani, ya chuma, ya kutia ufunguo, ambayo ikilia jirani wa nyumba ya tatu anatukana. Maswali ya kuchagua jibu alikuwa moto wa kuotea mbali. Watu watano wameketi kwenye benchi, mwalimu hataki kukaa na daktari, muuguzi yuko pembeni, nani yuko katikati? Mimi sijatunga uzi kwenye sindano, yeye amemaliza.

Kilichomwangusha ni insha. Mara ya kwanza alipata nane kwa thelathini. Mara ya pili, tisa. Unampa kesi ya majirani wawili wanaogombania ukuta, chini imeandikwa "toa uamuzi wako". Ataandika hoja za jirani wa kwanza hadi umwonee huruma, kisha za wa pili hadi uone aibu kwa huruma uliyomwonea wa kwanza. Halafu anaweka kalamu chini.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi simo kwenye kesi hii."

"Umo! Karatasi ina jina lako!" Nilibamiza mkasi mezani. "Umebeba midomo ya watu miaka yote hii, wa kwako umeuacha wapi?"

Nikaamua kumfundisha kwa chakula. Kila jioni, kabla hajagusa sahani, lazima atoe maoni yake. Chumvi imezidi au haijazidi? Akianza na "wapo watakaosema imezidi", naondoa sahani. Usinicheke. Alilala njaa mara mbili, mtu mzima na mvi zake. Lakini mwezi wa tatu wa zoezi hilo akaonja, akaniangalia usoni, akasema, "Imezidi. Na lile gauni unalomshonea mteja, mkono mmoja ni mrefu kuliko mwingine." Nilipima. Ilikuwa kweli. Nilifumua mkono mzima huku naimba kwa furaha, na insha zake zikaanza kuwa na mwisho.

Mtihani wa tatu ulikuwa Jumamosi. Alhamisi alirudi mapema, akapita mlangoni na viatu vyake miguuni.

"Leo ulikuwa nani?" nikamtania.

Akaketi. Akanisimulia kwamba waliletewa mzee mmoja aliyeshtakiwa kwa kuvunja duka. Hakimu, yuleyule wa kesi ya yule mama, alimuuliza kama anakubali kosa. Mzee akajibu, "Kama mkubwa amesema, basi ni sawa." Kaka akatafsiri, kisha mdomo haukufunga. Akajisikia anasema, "Mheshimiwa, naona hajaelewa swali."

"We! Hakimu akasemaje?"

"Aliniangalia juu ya miwani. Akasema, 'Asante, mkalimani. Mweleze tena.'"

"Halafu?"

"Nikamweleza tena. Akakataa kosa. Karani akaandika amekataa. Tukaendelea na kesi."

Nikapiga kigelegele. Kilikatika nilipomwona uso.

"Ni hivyo tu," akasema. "Mdogo wangu, kumbe ilikuwa ni hivyo tu."

Akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata tulipomzika mama yetu. Nilisimama pale na futi ya kupimia shingoni, nisijue nimshike wapi.

Jumamosi nilimkuta ameshavaa shati nililompigia pasi, viatu vinang'aa, kadi ya mtihani mfukoni. Alikuwa ameketi mezani.

"Utachelewa, kaka."

"Wataniuliza kwa nini nataka kusoma sheria," akasema. "Nitaandika nini? Kwamba nilikuwa natafuta ruhusa?"

Nilitaka kumwambia aende, kwa ajili ya hao wengine. Nilitaka kumwambia kwamba siku ya yule mama hakujua. Lakini alikuwa amejua. Aliniambia mwenyewe jioni ile ile, nami nikamuuliza swali lililopaswa kuulizwa, nikaridhika na jibu. Nilivuta kiti nikaketi upande wangu wa meza.

Saa tatu kamili, mtihani ulipokuwa unaanza, saa yetu ikalia kama nilivyoitega jana yake ili nijue ameanza. Hakuna aliyenyoosha mkono kuizima. Ililia mpaka ufunguo ukaisha.