Mayai ya Mama

Mama yangu amepooza miguu. Kila asubuhi, kabla sijaenda karakana kuranda mbao, humwinua kitandani nikamketisha kwenye kiti cha magurudumu. Daktari aliponianzishia sindano za kupunguza uzito alinionya: "Kula mayai na maharage, nyanyua vitu vizito. La sivyo, mafuta yataondoka na misuli."

Sikio la kufa halisikii dawa. Hamu ya kula ilikwisha, nikawa nashinda na chai tu, mayai yangu nampa mama. Suruali ilipoanza kunivuka nikajiona bingwa.

Jana nilimwinua, mikono ikaishiwa nguvu katikati. Akaniponyoka, akaketi sakafuni kwa kishindo. Bahati yangu hakuumia.

"Pole, mwanangu," akasema. "Nimekuwa mzito siku hizi."

Hajui habari za sindano. Hapo ndipo ningemwambia, lakini niliona aibu, mwanamume mzima, nikamkokota tu hadi kitini.

Leo nimempelekea mayai yake mawili. Amekisukuma kisahani taratibu.

"Kula wewe, baba. Mimi najinyima kidogo nipungue, nisije nikakuvunja mgongo."