Kazi ya Nshobole Inahama Yote

Généreuse alikuwa amekimbia vita mara tatu, na kila mara aliambiwa abebe vya lazima tu. Ndivyo ilivyopotea picha ya pekee ya baba yake. Basi mwaka 2014, mkubwa wake Edmond alipomwambia vilevile ofisini kwao mtaa wa Katindo, damu ilimchemka.

Ofisi ilitunza programu ya kuwatafutia wazazi watoto waliopotea vitani. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, ulikaa kwenye mtambo mkuukuu uliohifadhi kila badiliko: nani aliandika, siku gani, na kwa nini. Sasa walikuwa wanauhamishia kwenye mfumo mpya, na Ijumaa mtambo ule ungezimwa.

"Beba ya mwisho tu," Edmond alisema. "Ile ma-histoire yote ya zamani ni ya nini?"

"Nakatala, papa Edmond. Inahama yote."

Kuhamisha yote kulikuwa na masharti yake. Kila jina fupi ambalo mwandishi wa msimbo alilitumia zamani lilidai jina kamili na anwani ya barua pepe ya mwenyewe. Likikosekana moja tu, kazi nzima inagoma. Majina yalikuwa kumi na moja. Kumi aliyapata. Lililobaki lilikuwa la Nshobole, aliyekuwa akikaa meza ya dirishani mpaka bomu lilipomuua, Novemba 2012.

"Mufu hana email," Edmond alisema. "Weka yangu, tumalize."

Hebu sikia maneno hayo! Jasho la marehemu la miaka minne lihamie kwa mtu ambaye siku ya mabomu alikuwa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, anakunywa chai.

"Jina yako haikukuwa hapa ile siku," Généreuse alimjibu, sauti imepanda. "Hii kazi ni ya Nshobole, na itabakia ya Nshobole. Ukitaka, unifukuze."

Edmond akaondoka amenuna. Généreuse akaandika jina la marehemu kwa ukamilifu, na anwani yake ya zamani ya ofisini, isiyo na wa kuisoma tena. Umeme ulikatika mara mbili katikati ya kazi. Mara zote mbili alianza upya, huku akiutukana. Alhamisi mchana badiliko la mwisho likavuka.

Akaanza kukagua kama maelezo ya kila badiliko nayo yamefika, moja baada ya jingine. Miaka yote hakuna aliyejisumbua kuyasoma. Alipofika Novemba 19, 2012, badiliko la mwisho la Nshobole kabla ya bomu, akamwita Edmond aje aone.

"Watoto wawili wa jina moja, programu isiwafanye mtoto mmoja," Nshobole alikuwa ameandika. "Nimeweka swali la jina la mama. La kijiji bado. Nitamaliza kesho."

Edmond alisoma mara mbili. "Na ya kijiji... hatukuiweka?"

"Hapana, papa. Labda tumeshapatia mama moja mutoto ya mwenzake."

Edmond alitafuta kiti, akakaa. Généreuse hakumngoja. Aliandika swali la kijiji, na chini yake maelezo: "Kazi ya Nshobole. Nimeimalizia."